Jina Sikulitaja

Nichekeni tu, nastahili. Mimi ndiye msimamizi wa taarifa binafsi za wateja katika kampuni yetu ya bima ya afya hapa Morogoro. Juzi tulikutana na wenzetu wa kampuni nyingine, kila mmoja aeleze anavyotunza siri za wateja, tujifunze.

Zamu yangu ilipofika nikajitapa: "Jina sitaji! Ni mama mmoja wa Mgeta, mjane, anaendesha mwenyewe lori lake la karoti. Hataki wanawe wajue ana kisukari, basi barua zake tunampa mkononi."

Wakapiga makofi. Nikakaa, nimevimba kama andazi. Dada Rehema wa kampuni ya simu, aliyekaa pembeni yangu, hakupiga. Akaniuliza taratibu:

"Kaka, mama yangu ana kisukari tangu lini?"