Mbwa Waliomzoea

Juzi nilimpakia mbuzi wangu mgonjwa kwenye bodaboda, nikampeleka kutoka Lisekese hadi kituo kimoja cha mifugo. Nyuma ya kituo kuna banda la mbwa wasio na wenyewe. Msichana anayesomea udaktari wa mifugo, aliyeletwa kwa mazoezi, ndiye aliyekuwa akiwalisha na kuwaosha vidonda.

Mkuu wa kituo akatoka na sindano.

"Chakula kimekwisha. Tunawaua leo. Waite wewe, wamekuzoea."

"Mzee, hawa wameshapona."

"Waite."

Akawaita. Wakaja wakitikisa mikia, akawakumbatia mmoja mmoja, mkuu akiwachoma sindano, mpaka wakalegea.

"Umewashika vizuri," mkuu akamsifu. "Utakuwa daktari hodari."

Msichana akajifuta mikono kwenye koti.

Halafu tunalalamika kwamba wataalamu wetu hawana huruma.