Bakuli la Bluu la Tata

Najua mtasema ni uchovu. Mimi ni nesi, na wagonjwa nimewaambia hivyo mara nyingi. Lakini haya yalinipata asubuhi kweupe, watu wakiwa wamejaa, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku Mombasa na kwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Tata alikuwa mahututi nyumbani Manyatta. Tata ndivyo tunavyomwita dadake mama kule Embu, na huyu ndiye aliyenilea. Miaka minne sikuwa nimeenda kumwona. Kila likizo nilikuwa na sababu. Sasa nilikuwa nimemnunulia halua, na nilitaka tu nimkute hai.

Pale pa kusubiria ndege niliagiza chai na sambusa. Sambusa ilikuwa baridi, nikaisukuma kando. Mama mmoja mzee aliyejifunga leso akaketi karibu nami, ananuka moshi wa kuni. Moshi wa kuni, uwanja wa ndege? Nilikuwa nimechoka, hata kushangaa sikuweza. Akafungua bakuli la bluu ambalo mfuniko wake ulikuwa umeyeyuka upande mmoja. Ndani mlikuwa na mukimo wa moto, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na mboga.

"Kula, mwanangu," akaniambia kwa Kiembu. "Umekonda."

Nikala. Niamini, hata jina sikumuuliza, wala usoni sikumtazama vizuri. Nilikula kwa kijiko chekundu cha plastiki kilicholetwa pamoja na chai yangu, nikakwangua mpaka chini. Mara tukaitwa tupande ndege. Nikamrudishia bakuli, kijiko kikiwa ndani, nikashukuru huku nakimbia.

Kwetu chombo kilicholeta chakula hakirudishwi kitupu. Hata kama ni ndizi moja au chumvi kidogo, unaweka kitu. Tata mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na halua ilikuwa hapo miguuni pangu. Yule mama alilitazama bakuli kwa muda, akalifunika. Kwenye ndege sikumwona.

Nilishuka ndege, nikapanda matatu, nikafika Manyatta alasiri. Mke wa binamu yangu alinipokea kwa furaha. Akanieleza kwamba tata alikuwa amekataa chakula siku tatu, lakini asubuhi hiyo ameitisha mukimo, tena uwekwe kwenye lile bakuli alilokuwa akiniletea nalo chakula shuleni. Walitoka kidogo, na waliporudi lilikuwa tupu. Amekula wote, akasema, sasa atapona.

Nikatazama meza iliyokuwa kando ya kitanda cha tata. Bakuli la bluu, mfuniko ulioyeyuka. Ndani, kijiko chekundu. Nilipouliza kimetoka wapi, akasema labda ni cha watoto.

Tata akafungua macho. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama mimi.

"Umenirudishia tupu," akasema.

Nikafungua halua mbio, nikaiweka kwenye bakuli, nikamsogezea. Hakuweza kumeza. Jioni hiyo akatuacha.

Mpaka leo nyumbani wanamshukuru Mungu kwamba alikula kabla ya kwenda, na mimi naitikia amina. Nitawaambiaje kwamba chakula chake cha mwisho nilikila mimi?

Bakuli nilipewa mimi. Kila asubuhi naliwekea kitu, na kila jioni nakikuta hakijaguswa. Nawe unayenisoma, kama kuna mtu nyumbani anayekungoja, nenda, hata ukiwa umechoka namna gani. Nenda kabla hajakufuata na bakuli lake.