Mkalimani Aliyejifunza Kusikiliza Upya

Pale mahakamani mkalimani wao walimwita Kinasa, kama kinasa sauti. Shahidi alikuwa akisema kwa lugha ya kwao mpaka pumzi imwishie, naye Kinasa akisubiri tu, mikono nyuma, kisha akiyageuza yote kwa lugha ya mahakama bila kuacha hata kikohozi.

Kisha akaanguka. Alipanda kiti atundike mapazia, kiti kikateleza, kichwa kikagonga ukingo wa dirisha. Hospitali hawakuona jeraha la kutisha. Akapumzika, akarudi kazini.

Siku hiyo shahidi alikuwa mfugaji wa mbuzi, akieleza ugomvi wa kisimani ulivyoanza. Kinasa akafungua kinywa. Mwanzo aliupata, mwisho aliupata. Katikati palikuwa peupe.

"Mkalimani, tunakusubiri," hakimu alisema kwa upole.

"Naomba arudie, mheshimiwa."

Mfugaji akarudia, na Kinasa akapotea tena. Kesi ikaahirishwa. Nyumbani alijifungia bafuni akafungulia bomba, maji yamfichie kilio.

Mwanasaikolojia wa hospitali alimsomea tarakimu azitaje kinyumenyume. Hakufika mbali.

"Ndiyo nachanganyikiwa, daktari?"

"La hasha. Uliyojifunza zamani yapo palepale. Iliyochoka ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika jambo kwa muda mfupi huku ukilishughulikia. Nafasi yake ni finyu kwa kila mtu, hata mimi. Wewe unasikiliza, unashika na kutafsiri kwa mpigo. Jipya likiingia, lililotangulia linasukumwa nje."

"Mbona zamani niliweza?"

"Ulikuwa unayafunga pamoja bila kujua. Maneno kumi yaliyotawanyika ni mizigo kumi. Watu wawili wanaogombania ndoo ni mzigo mmoja. Usiyakimbize maneno. Mwone mtu, mahali na tendo."

Kwa mazoezi alihitaji mtu wa maneno mengi, na huyo hakuwa mbali. Mama mkwe wake akianza kisa, nyumba nzima hukumbuka ghafla nguo za kuanua.

"Mama, hebu nisimulie kisa cha yule jirani na mwavuli."

Mama mkwe akamkazia macho. "Unaumwa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nakuomba."

Mama mkwe akajiweka vizuri kitini, akasimulia. Kinasa alifumba macho, akamwona jirani mlangoni, akauona mwavuli uliokunjika. Kisha akamrudishia kisa chake.

"Umemruka kuku," mama mkwe akalalamika.

"Kuku gani tena?"

"Aliyeingia jikoni! Bila kuku huyo, kisa hakina miguu."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wao ambao kwa miaka walikuwa wakisalimiana tu na kupishana. Tangu hapo kila jioni palikuwa na kisa, na kila mara wahusika aliowaacha njiani walipungua.

Kesi ilipoitwa tena, Kinasa aliomba kwanza shahidi awe anatua kidogo kila aendapo. Hakimu akakubali. Mfugaji akaeleza, Kinasa akakiona kisima, ndoo na mbuzi wakisukumana, akasema. Mahali pamoja tu alisita.

"Naomba arudie habari ya kamba, mheshimiwa."

Ikarudiwa, akaendelea. Hakuna aliyeguna.

Mfugaji alikuwa anajua vijineno vya lugha ya mahakama, na muda wote aliifuatilia midomo ya mkalimani. Kinasa alipomaliza, mfugaji huyo akashusha mabega, akatamka jambo fupi kwa lugha ya kwao.

"Anasema nini?" hakimu akauliza.

"Anasema, ndivyo hasa ilivyokuwa."