Faili la Muoki

Katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, hakuna aliyemshinda Kavinya kwa kitabu cha namba za magonjwa. Daktari akiandika tu "saratani ya koo", humrudishia faili: koo la chakula au la hewa? Kila saratani ina namba yake, na Kavinya hakuvumilia kubahatisha.

Mara moja tu aliandika namba aliyojua si ya kweli. Mumewe Muoki, mchonga vinyago, alifariki mwaka 1993 kwa saratani ya titi. Kitabu hakikushangaa: 174 ya wanawake, 175 ya wanaume. Lakini Kavinya aliwafikiria shemeji zake wa Machakos, wazee wa kanisa pale mtaani kwao Jericho, na vicheko vya dukani. Mwanamume, titi? Akaandika 162, mapafu. Katika wasifu wa mazishi akataja vumbi la mpingo. Waombolezaji walitikisa vichwa, na wachongaji wenzake Muoki wakaanza kujifunga vitambaa puani.

Kwa miaka mitatu jina la nyumba yake halikuguswa. Kisha jioni moja binti yake Kavata, mwalimu wa chekechea, akatoka kliniki, akaketi kumenya viazi.

"Daktari anasema hiki kivimbe cha titi ni cha ujana tu. Nirudi baada ya miezi sita."

"Alikuuliza nini?"

"Kama kwetu kuna aliyeugua kansa ya titi. Nikamwambia ni baba tu, na yake ilikuwa ya mapafu." Kavata akainua uso. "Mbona unaniangalia kama faili lililopotea?"

"Kesho tunarudi kwa daktari," mama akasema, na hakueleza zaidi.

Asubuhi alilishusha faili la Muoki kutoka rafu ya juu, akaikata 162 kwa mstari mmoja, akaandika 175. Sheria ilitaka sahihi ya mkuu wa chumba, Mzee Nabiswa.

"Nani alikosea hapa?" Nabiswa akauliza, akivaa miwani.

"Mimi."

"Mama Kavata? Wewe unayenigombeza kwa nukta moja?"

"Sikukosea, mzee. Nilijua."

Nabiswa alilisoma faili hadi mwisho. "Nilikuwa mazishini. Nilisikia wasifu."

"Niliuandika mwenyewe."

"Hiki chumba hakina siri. Kufikia saa saba jikoni watakuwa wanalizungumza."

"Tia sahihi."

Akatia, bila utani tena, na ukimya huo ulimchoma Kavinya kuliko kicheko.

Daktari aliposoma faili alikunja uso. Hakutaja tena miezi sita. Aliagiza Kavata akatwe kipande cha uvimbe siku hiyo hiyo, kikapimwe. Wakaketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji mdogo, faili mapajani mwa binti.

"Baba alijua?"

"Alijua."

"Alitaka ifichwe?"

Kavinya alitazama mikono yake. "Alisema niandike ilivyo."

Kavata alifunga faili. Hakulia wala hakumlaumu. Muuguzi alipomwita, Kavinya alisimama kumfuata kama alivyomfuata kliniki utotoni.

"Kaa, mama," Kavata akasema. "Nitaingia peke yangu."

Akaingia na faili, na mlango ukafungwa.