Msichana Aliyefagia Mlango wa Pweza

Kwanza niseme, sipendi kuandikishwa. Muna ameniletea daftari na kalamu mbili kwa mkono wa Azan, pamoja na maneno: "Bibi, wenzangu chuoni wanataka kusoma habari za likizo yangu, lakini waipate kwako, si kwangu." Sasa likizo ilikuwa yake, miguu iliyotembea ni yake, mimi niandike nini? Mtu aliyekula halua haendi kumuuliza jirani ilikuwa tamu vipi. Tena kusoma kwangu ni kule kwa ngumbaru, tulikokaa wanawake ishirini kwenye banda la samaki tukiimba a, e, i, o, u mpaka waume wakacheka. Nikaishia kwenye barua. Lakini sijashindwa na jambo maishani mwangu, sembuse daftari. Nitaandika, ila herufi zangu ni kubwa, moja inakula mistari miwili. Sababu mtaiona.

Mimi ni Kijakazi binti Shaabani, wa Bwejuu, nimezaliwa hapahapa na kitovu changu kiko hapa. Muna ni mtoto wa Baleni. Wa Mafia sote, lakini watu wa Baleni ni wa jembe, muhogo na minazi, bahari wanaiona kwa mbali kama mtu anavyoona shamba la mwenzake. Anasoma bara, mwaka wa pili, mambo ya takwimu. Nilimuuliza takwimu ni nini akasema ni kuhesabu vitu mpaka viseme ukweli. Nikamwambia kwetu vitu vinasema ukweli bila kuhesabiwa. Akacheka. Yule mtoto anacheka kabla hujamaliza kusema.

Alikuja mwezi wa nane, chuo kilipofunga. Kijiji chetu kilikuwa kimefunga mwamba wa pweza miezi mitatu, mtu asitie mguu, ili pweza wakue. Kamati ya bahari ikatafuta mtu wa kuandika kwa miezi miwili: mashimo mangapi, pweza wangapi, wana urefu gani. Mwenyekiti wa kamati ni Azan, mtoto wa kaka yangu. Akaniambia, "Shangazi, una chumba kimekaa bure, mpokee." Chumba hakijakaa bure, kina magunia yangu, lakini nikampokea.

Akashuka kwenye boti na gunia la muhogo kichwani na nazi kumi na mbili kwenye kikapu, viatu vimejaa maji.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kakwambia Bwejuu hakuna nazi?"

"Mama kasema mgeni haendi mikono mitupu."

"Mama yako ana akili. Wewe tutakuona."

Nikamwona. Alikuwa anaogopa kaa, hata kale kadogo ka mchangani. Chai hanywi mpaka ipoe. Kila kitu anaandika, hata mimi nikipiga chafya nadhani aliandika. Lakini mvivu hakuwa. Maji alichota, kuni akaleta, na nilipomfundisha kupiga pweza mkavu kwenye jiwe alipiga mpaka nikamwambia basi, ameshakufa huyo tangu mwezi wa tano.

Na kila asubuhi nilikuwa namwita anitungie uzi kwenye sindano, maana natia viraka vyangu mwenyewe. Namwambia, "Sindano za siku hizi hawazitoboi vizuri." Anaichukua, anaielekeza kwenye mwanga, anatunga mara moja, anasema, "Kweli Bibi, tundu limeziba." Nikajua ana adabu.

Sasa niwaambie mila yetu, maana ninyi watu wa chuo hamwezi kuijua. Siku ya kufungua mwamba, maji yakipwa bamvua kubwa, yanapokimbia mbali kabisa, mwanamke mkubwa kuliko wote anatangulia peke yake na fimbo yake. Kijiji kizima kimesimama pwani. Hakuna anayetia mguu mpaka yeye ainue pweza juu. Akiinua, wote wanaingia kwa vigelegele. Akirudi mikono mitupu, fimbo inakwenda kwa anayemfuata kwa umri, na yeye tangu siku hiyo anakaa pwani kulinda ndoo za wenzake na watoto wadogo. Hakuna matusi. Unapewa ndoo, basi. Mama yangu alipewa ndoo nikiwa na watoto wawili. Siku mbili hakusema na mtu.

Miaka tisa mimi ndiye ninayetangulia. Anayenifuata ni Safia, wifi yangu, mama yake huyohuyo Azan. Safia anaitazama fimbo yangu kama paka anavyotazama chungu cha samaki. Tukikutana kisimani hanipi nafasi.

"Wifi, magoti hayajambo? Nimekuchagulia ndoo nzuri, ya buluu, ina mfuniko wake."

"Iweke mwenyewe, utaikalia."

"Nimeinunulia na kijiti cha kufukuzia kuku."

"Fukuza midomo yako kwanza."

Tunacheka, lakini mimi nilikuwa nacheka na moyo umekunjamana. Ukweli wenyewe ni huu, na leo nauandika kwa mkono wangu: tangu mwaka juzi macho yangu yameingia wingu. Nakuona umesimama, sioni uso. Nyumba naiona, mlango nautafuta. Sikumwambia mtu, wala mwanangu aliyeko Kilindoni. Mwamba nilikuwa nautembea kwa makombe. Pweza akila kaa au kome hutupa maganda mlangoni kwake, yakarundikana. Yale makombe mimi nayasikia chini ya unyayo yanavyovunjika, na weupe wake nauona kidogo. Wengine wanatazama rangi ya jiwe, wanatazama maji yanavyopumua shimoni. Mimi nilibaki na makombe tu.

Na nina shimo langu. Tunaliita Mlango wa Mama, karibu na jiwe lililopasuka mara mbili. Mama yangu alinionyesha, yeye alionyeshwa na mama yake. Shimo hilo halikosi mpangaji. Ukimtoa mmoja, bamvua ya pili yuko mwingine, mradi usivunje jiwe na usiharibu mlango. Hata Safia halijui.

Siku mbili kabla ya kufungua, Azan akampeleka Muna mwambani kuhesabu mashimo, kwa ruhusa ya kamati. Nikamfungia muhogo wa kuchemsha, nikamwazima viatu vyangu vya plastiki. Karibu na adhuhuri akarudi, kaloa mpaka kiunoni, furaha imemjaa. Akamwaga barazani mifuko ya nailoni kumi na mmoja, kila mmoja una namba.

"Bibi, tazama! Nimepata mashimo kumi na moja yenye pweza. Na nimekusanya chakula chao chote, nitapima wanakula nini."

Nikashika mfuko mmoja. Makombe. Nikashika wa pili. Makombe na magamba ya kaa.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Mlangoni kwao. Nimesafisha kabisa, sikuacha hata moja."

Nikakaa chini. Nadhani nilikaa vibaya, maana alinishika.

"Umefagia milango!" nikamwambia. "Umeingia nyumba za watu ukafagia milango!"

"Lakini Bibi, si watakula tena?"

"Kesho kutwa watakuwa wamekula mangapi? Utampata mtu mlangoni ambako hakuna alama? Na lile la jiwe lililopasuka mara mbili, na lenyewe umelifagia?"

"La jiwe lililopasuka... ndiyo. Namba tisa."

"Hilo la mama yangu! Hilo ndilo ninaloingia mimi!"

Limetoka. Siri ya wanawake watatu nimeitapika mbele ya mtu wa Baleni, kwa hasira.

Muna akaanza kuikusanya mifuko yake. Halafu akasema polepole, "Bibi, bi Safia alinionyesha jana anavyojua shimo. Alisema makombe ni ya kujifunzia watoto, mkubwa anatazama jiwe."

Nikauweka chini ule mfuko.

"Bibi, tundu la sindano halikuziba, siyo?"

"Chota maji," nikamwambia. "Mtungi mtupu."

Akaenda kuchota. Mtungi ulikuwa umejaa, nilijua, na yeye aliuona umejaa. Akaenda tu.

Mchana ule nilikaa ndani natafuta maneno ya kumwambia Azan kwamba magoti yamenishinda, nijitoe mwenyewe kabla sijaaibika. Nikawa nafikiri ile ndoo ya buluu. Jikoni nilisikia kwaruza, kwaruza, jivu na kumbi la nazi, kwaruza. Nikasema anasugua masufuria, anatubu. Masufuria yangu yalikuwa machafu kweli, nikamwacha.

Asubuhi yake akaondoka na Azan na mifuko yake kumi na mmoja. Akarudisha kila rundo mahali pake, kwa namba, maana yote alikuwa ameyaandika: hatua ngapi kutoka wapi. Hapo ndipo nilipoona takwimu ina kazi. Aliporudi akaniambia neno moja tu.

"Bibi, nenda kesho."

"Nani kasema siendi?"

Kesho yake maji yakapwa mpaka mwamba ukatoa mgongo. Kijiji chote pwani. Safia kavaa kanga mpya, ndoo ya buluu mkononi, yule mwanamke hana haya. Azan akasoma dua, akasema, "Shangazi, bismillahi."

Nikatia mguu. Nawaambia kweli, nilikuwa sioni kitu. Maji yanametameta, mwamba wote ni uji wa rangi moja, na upepo unapeleka mawimbi madogo juu yake. Makombe nayakanyaga hapa na pale lakini ni machache, si rundo, na sijui nimefika wapi. Nilihesabu hatua, nikapotea. Nikasikia mtoto nyuma anauliza, "Mama, mbona bibi anazunguka?" na mama yake akamziba mdomo. Nikasimama. Nikasema basi, Kijakazi, geuka.

Nikageuka, na katika kugeuka nikaliona. Upande wa kushoto, hatua kama saba, kitu cheupe chini ya maji. Si weupe wa makombe ya kawaida yaliyoshika kijani. Weupe wa meno ya mtoto. Weupe wa kanzu ya Idi. Unang'aa peke yake kwenye uji ule wote, hata jicho langu bovu halikuweza kuukosa.

Yale masufuria. Hakuwa anasugua masufuria.

Nikaenda. Nikapapasa kwa mguu, jiwe hili limepasuka, pasuko la kwanza, pasuko la pili. Nikatia fimbo, nikachokoa taratibu kama nilivyofundishwa, usimtishe, mbembeleze. Akaishika. Nyie, pweza aliyepumzika miezi mitatu ana nguvu! Alinivuta nikapiga goti. Nikamvuta naye, nikamtoa, mikono yake imenizunguka mpaka kwenye kiwiko, nikamwinua juu.

Vigelegele vikapasuka. Na nisimdhulumu mtu, cha Safia ndicho kilichokuwa kirefu kuliko vyote. Alitupa ndoo akaja mbio majini.

"Wifi! Hayo macho umeyaazima wapi?"

"Baleni," nikamwambia.

Wakacheka wote, wakadhani namtania mgeni wangu. Muna alikuwa ameinamia daftari lake anaandika. Hakuinua uso, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Akampima pweza wangu: kilo tatu kasoro kidogo, dume. Siku ile aliandika pweza mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima mkaa jikoni kwa Safia. Jioni pweza wangu tulimpika na tui la nazi za mama yake, tukala na muhogo wao. Safia akaja na sahani yake, bila kualikwa, kama kawaida yake. Nikampa mkono wa pweza ulio mnene. Mshindi hana choyo.

Muna alikaa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nilimfundisha kuchokoa. Siku aliyomtoa wa kwanza alipiga kelele nikadhani kachomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani. Kaa bado anawaogopa. Siku ya kuondoka nikampeleka mpaka kwenye boti, nikamwambia Mlango wa Mama ni wako sasa, baada yangu.

"Bibi, mimi hata kuogelea sijui."

"Maji yako magotini. Nani kakwambia uogelee?"

Akataka nimuahidi jambo. Madaktari wa macho wakija Kilindoni niende, watanitoa hilo wingu siku hiyohiyo. Nikasema nitafikiri. Nikisema nitafikiri, kila mtu Bwejuu anajua maana yake sitaki. Lakini safari hii nafikiri kweli. Azan keshaniandikisha jina, bila kuniuliza.

Safia akisoma haya, na asome. Mila inasema mkubwa atangulie na ainue pweza. Haikusema makombe yasisuguliwe. Mwakani nikiwapo natangulia tena, na ndoo ya buluu aitilie maji ya kunywa.

Sasa ninyi wenzake Muna. Siri ya macho yangu sikumpa ndugu, nimewapa ninyi bure, na mkono umeniuma siku nne kwa ajili yenu. Msinyamaze kama waliokula shughulini wakaondoka bila kunawa. Muna akija likizo ijayo, mpeni aniletee sindano, zile nene zenye tundu refu ambalo hata mimi nitaliona. Si moja. Kila aliyesoma na atoe yake.