Keki ya Glenys Hartwig

Kule mjini Geelong, ng'ambo, siku yako ya kuzaliwa keki unaileta kazini mwenyewe, wenzako wanakula. Ndivyo alivyofanya Glenys Hartwig. Alikuwa mpishi wa nyumba ya kutunzia wazee tangu nywele zake hazijaingia mvi, na keki ile ya limau aliioka kwa mikono yake.

Meneja wake, Brett Ludlow, alisubiri mpaka Glenys ameshika kisu. "Jamani, tangazo dogo. Kuanzia Jumatatu chakula kitatoka kiwandani kimeshagandishwa. Glen wetu atakuwa anapasha moto tu. Apumzishe mgongo, au siyo, mama?"

Watu wakacheka. Glenys naye akacheka, akasema "hakuna neno," kama watu wa kwao wasemavyo hata wakikanyagwa, akamkatia Brett kipande kikubwa kuliko vyote. Jumatatu alifika maegeshoni, mikono ikamtetemeka asiweze kufungua mlango wa gari. Daktari akasema ni maumivu ya nafsi, na yametoka kazini. Akadai fidia, bima ya wanaoumia kazini ikakataa dai lake: meneja ana haki ya kupanga kazi.

Ana haki, nani kabisha? Lakini hata mbwa hatimuliwi jikoni vile.

Basi yeye na Brett wakakutanishwa mbele ya msuluhishi, mama mmoja mpole. Glenys alitaka jambo moja tu, mtu akiri kwamba alidhalilishwa.

"Yeye mwenyewe alisema hakuna neno," Brett alieleza. "Na keki akanikatia. Mtu aliyeumia anakata keki?"

Msuluhishi akauliza, "Na wafanyakazi wengine walijua lini habari hiyo?"

"Asubuhi ile ile. Niliwaambia mapema, wasije wakashtuka."

Glenys akamgeukia Rhonda Vella, mwenzake wa jikoni aliyekuja kumsindikiza. Rhonda akainamisha kichwa. Kumbe wote walijua. Walimwimbia, wakala, wakaramba vidole, na huku wanajua. Hasira zikampanda, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile mikono yake ikatulia.

Msuluhishi alipotangaza mapumziko, Brett alisimama, akanyoosha mkono juu ya meza. "Hatuna kinyongo, eh, Glen?"

"Mimi ninacho," Glenys alisema, mkono ule asiuguse. "Na neno lipo, Brett. Keti nikwambie. Na wewe Rhonda, usitoke."