Chupa kutoka Rwenyana

Nimewachapia watu kazi zao kwa miaka kumi na sita. Nimechapa barua za kuomba kazi, mashtaka ya wake kwa waume, mahubiri ya wachungaji wasiojua nukta inawekwa wapi, na mémoire, yaani tasnifu, za wanafunzi wengi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Kibanda changu kiko mtaa wa Shari, hapa Bunia: kompyuta upande huu, fotokopi upande ule, jenereta nyuma linakohoa kama mzee wa tumbaku. Wananiita Papa Katsuva dactylo, yaani mpiga chapa. Kila kinachopita mikononi mwangu nakisoma, na sioni haya kusema hivyo. Anayetaka siri yake ikae, achape mwenyewe.

Godelive alikuja mara ya kwanza mwezi wa nne, na daftari lenye madoa ya matope.

"Papa, nachapisha hii kila mwezi mpaka mwaka iishe. Lakini pole pole, usikosee ata namba moja."

"Mimi? Nikosee?" Nusura nimfukuze. Kisha nikasoma kichwa cha kazi, nikacheka mpaka miwani ikashuka. "Mutoto ya watu! Walikutoa ku mavi ya ng'ombe ukasome, na weye umesoma yote ile ili urudie ku mavi?"

"Ndiyo, papa. Mavi inasema mingi," akajibu, bila kukasirika. Hapo nikampenda.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Rwenyana, kilima cha wafugaji kando ya njia ya kwenda Aveba. Baba yake alikufa angali mdogo, akalelewa na baba mdogo wake Vital, mchungaji wa mifugo ambaye hakuwahi kuoa na ambaye, wasema waliomjua, aliongea na ng'ombe zaidi kuliko na watu. Huyo ndiye aliyemsomesha. Kila mwaka wa masomo ulipoanza, ng'ombe mmoja hakuonekana tena zizini, na Vital hakusema ameenda wapi. Mjini Godelive alikaa Rwambuzi kwa shangazi yake, alifundisha biolojia sekondari asubuhi, na mchana alisomea shahada ya pili na kuosha vyombo vya maabara bila mshahara.

Utafiti wake ulihusu madundu wa mavi, wale weusi wanaoviringisha vijidonge malishoni. Alinieleza huku nikichapa, maana sichapi nisichokielewa. Kopo linazikwa mpaka mdomo uwe sawa na udongo, ndani maji ya sabuni, juu yake chambo: mavi mabichi ya ng'ombe ndani ya kitambaa. Dundu anafuata harufu, anatumbukia. Baada ya siku mbili unawaokota, unawatia kwenye chupa ya alkoli, unawahesabu. Makopo yalikuwa kumi, katika mstari mmoja kutoka zizini hadi kijitoni. Vital aliyatega kila mwisho wa mwezi, na Destin, kijana wa pikipiki wa kilima kilekile, alizileta chupa Bunia ndani ya mfuko wa mchele.

"Na huko kwenu," nikamuuliza siku moja, "ng'ombe iko ngapi?"

Akatazama pembeni kana kwamba nimetukana. "Papa, siye hatuhesabie ng'ombe. Ukisema namba, unaiita kifo. Na kama inahama, hakuna mwenye kusema inahama. Unaamuka asubui, unaona zizi ya jirani iko wazi, unanyamaza." Kisha akatabasamu. "Ndiyo maana mimi nahesabia bidudu. Bidudu haina mwiko."

Wazee wa Rwenyana walikuwa wamemtania hivyohivyo: mtoto wa Vital amepata njia ya kuhesabu ng'ombe wetu kwa kupitia mlango wa nyuma. Walicheka, wakamwachia malisho.

Nilichapa Machi, madundu mia nne na kumi na mbili. Nilichapa Aprili, mia tano na kitu. Jedwali lilikuwa na safu ya mwezi, ya kopo, ya chambo, ya idadi. Kwenye safu ya chambo niliandika "mavi ya ng'ombe" mara nyingi hadi vidole viliiandika vyenyewe. Mwishoni palikuwa na safu ndogo ya dundu wa namna nyingine, mwembamba, mgongo wa kijani unaong'aa. Karibu kila mwezi niliandika hapo sifuri.

"Huyu anafanya nini humu kama hapatikane?"

"Huyu mavi haina kazi nayo, papa. Yeye anafuata kitu yenye kufa. Wakati ingine anapotea njia, anaangukia ndani."

Katika miezi minane alikuwa amepata watatu tu.

Mwezi wa kumi mwalimu aliyemsimamia, Liévin, alimletea habari kubwa. Chuo kimoja cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mtu wa kusomea udaktari juu ya wadudu wa malisho, kwa posho na maabara yake, na jina la Godelive lilikuwa limekubalika. Sharti lilikuwa moja: miezi kumi na miwili, bila pengo. Mwezi mmoja ukikosekana, nafasi inakwenda kwa mwingine. Aliingia kibandani akicheza, akamkumbatia mteja wangu ambaye hamjui. Nami nilifurahi kama baba.

Kisha nikachapa Novemba. Mia moja na tisa.

Mimi ni mtu wa upande wa Beni. Sikuja Bunia kutalii; vita vilinileta. Najua dunia inavyonyamaza kabla ya kupiga kelele. Nilipoandika namba ile nilimwambia, kwa mzaha, maana mimi ni mwoga na mzaha ndio fimbo yangu: "Godelive, kwetu, ukiona kuku inauzishwa bei ya bure ku soko, usifurahie nyama. Uliza mwenye kuku anaenda wapi."

Akacheka. "Papa, ni jua tu. Tunaingia kiangazi."

Alikuwa na sababu, na zote zilikuwa na akili. Kiangazi hukausha mavi kabla dundu hajafika. Dawa ya minyoo wanayochomwa ng'ombe huua madundu. Juu ya hilo aliandika kurasa mbili nzuri kabisa, nami nilizichapa bila kosa. Msomi hakosi sababu, na ubaya wa sababu nzuri ni kwamba zinatosha.

Desemba, kumi na saba. Akasema ni Noeli, watu wameuza ng'ombe.

Mwisho wa Januari alikuwa ameketi kibandani, simu yake ikichaji kwenye waya wangu, Vital alipopiga. Kwa sababu ya waya aliweka sauti nje, kwa hiyo nilisikia yote, na tangu siku ile sijaacha kuyasikia.

"Mama," Vital alisema. Alimwita hivyo kwa heshima ya nyanya ambaye Godelive alipewa jina lake. "Mama, mavi imekuwa mbali."

"Mbali wapi, baba mudogo?"

"Mbali tu. Natembea sana, sipate yenye mubichi."

"Tafuta, baba mudogo. Ata kidogo. Mwezi moja tu ndiyo imebakia."

Kimya. Nilisikia upepo kwenye simu yake, na hakuna kingine. Kilima cha wafugaji, saa nane mchana, na hakuna hata ndama mmoja aliyelia. Mimi nilikisikia kimya kile. Nikajitia nahesabu karatasi.

"Destin anasema naye anakuya Bunia na bibi yake," Vital akasema. "Anasema tukuye wote."

"Atakuya na chupa?"

"Atakuya nayo."

"Na ya Februari nani atatega? Baba mudogo, ukitoka sasa, mwaka muzima inakufa. Kaa mpaka mwisho wa mwezi. Kisha nitakuya mwenyewe kukuchukua, tutakaa wote huku."

"Kama ni weye unasema, mama, nitabakia."

Chupa za Januari zilifika kesho yake. Kumi, zote alkoli tupu, safi kama maji ya kisima. Godelive alizipanga mezani pangu akaziangalia kwa hasira, hasira ya mtu aliyechoka. Alisema baba mdogo amezeeka, labda hategi tena, anajaza alkoli tu na kulala. Maneno hayo aliyasema yeye, na mimi sikumzuia. Liévin alimtuliza: sifuri nayo ni data, Godelive, iandike. Nikaiandika.

Sasa nisemeni mimi, maana yeye alishajisema vya kutosha. Huyu ni mtoto wa watu wasiotamka kuhama kwa ng'ombe. Alinyonya mwiko huo pamoja na maziwa. Mzee wake alimwambia, kwa njia pekee ambayo mwiko ulimruhusu, kwamba mazizi yote ya Rwenyana yako wazi, kwamba majirani wameondoka mmoja mmoja alfajiri bila kuaga, kwamba kuna jambo linakuja. "Mavi imekuwa mbali." Mwanamke yeyote wa kule, asiyejua hata kuandika jina lake, angeangusha jembe na kukimbia. Godelive alisikia shida ya chambo. Na mimi, ambaye mwiko huo si wangu na ningeweza kulisema wazi, nilikuwa nahesabu karatasi.

Februari ilipita kwa joto. Wiki ya tatu simu ya Vital haikupatikana. Godelive akasema ni betri, hakuna jua la kutosha kwenye kile kisahani chake cha sola. Jua lilikuwa linatuua! Nilimwangalia, naye akanielewa, akainamisha kichwa. Siku ile alikwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka. Hakuna dereva aliyekubali. Njia ya Aveba, walisema, ina kimya kibaya.

Habari zilifika sokoni siku ya Jumanne kabla hazijafika redioni. Wenye bunduki wamepita Rwenyana. Sitawataja; hapa kwetu, anayetaja ameita. Walichoma nyumba ambazo nyingi zilikuwa tupu. Watu walioshika njia mapema walinusurika pamoja na mifugo yao. Waliokutwa walikuwa wachache: wagonjwa, kikongwe mmoja kipofu, na mchungaji asiyekuwa na ng'ombe.

Destin alirudi siku ya sita pamoja na wanaume waliokwenda kuzika. Alikuja moja kwa moja kibandani, kwa kuwa aliogopa kumfuata Godelive nyumbani peke yake. Nilimwita Godelive, naye akaja na shangazi yake. Destin hakuketi.

"Yaya Godelive," alisema, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa, "tulimuzika pale pale, karibu na kopo ya saba. Ile makopo yote alikuwa amezika muzuri, na maji ya sabuni ndani. Chambo tu ndiyo haikuwa. Ile kitambaa ilikuwa mutupu. Bidudu yenye ilikuwa ndani niliokota mimi, nikatia ku chupa." Akaweka mfuko wa mchele juu ya meza. "Aliniambiaka mbele: ata kama siko, upeleke chupa ku mutoto. Nimepeleka."

Godelive hakulia. Shangazi alilia kwa niaba ya wote. Yeye alifungua mfuko, akatoa chupa moja moja. Chupa ya kwanza ilikuwa na kitu kidogo chini. Ya nne zaidi. Ya saba ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Nilisogea kutazama nikidhani nitaona weusi. Walikuwa kijani. Waling'aa kwenye mwanga wa dirisha langu, wazuri, Mungu anisamehe, wazuri sana.

Hakuna mavi yaliyowaita. Kilichowaita kilikuwa kimelala nje ya kopo.

Godelive alirudi wiki mbili baadaye na daftari. Nilimwambia aache, nikamwambia hakuna chuo cha Ulaya chenye thamani hiyo. Alinijibu kwa sauti ndogo kwamba baba mdogo alizika makopo kumi peke yake kwenye kilima kitupu, kwa sababu yeye Godelive ndiye aliyemwambia abaki, na kwamba kuitupa kazi ile ni kumwacha pale mara ya pili. Nikawasha kompyuta.

Akanisomea namba. Madundu wa mavi: sifuri, sifuri, sifuri. Kijani: sita. Kumi na moja. Thelathini. Kopo la saba alilisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilishindwa kupiga. Mia tatu na arobaini.

Ikabaki safu ya chambo. Vidole vyangu vilikwisha kuanza kuandika "mavi ya" vyenyewe. Nikafuta.

"Ku appât niandike nini, mama?"

Akatazama fotokopi kana kwamba ndiyo itakayojibu.

"Acha wazi, papa."

Nikaacha wazi.

Siku ya kutetea kazi yake nilivaa koti na kwenda kukaa nyuma, kama ninavyofanya kwa wateja ninaowapenda. Alizungumza Kifaransa kizuri, akaonyesha madundu wake ukutani, akaeleza kiangazi, akaeleza dawa ya minyoo, na hakutetemeka. Walimu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye miwani inayoning'inia, akasimama kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Akauliza kwa nini mwezi wa mwisho hauna chambo. Akatabasamu kidogo kuelekea nyuma ya ukumbi, kwangu. Bila shaka, alisema, hilo ni kosa la dactylo.

Nilianza kuinuka. Nilikuwa tayari kulibeba kosa hilo, nawaapieni, na kulibeba maisha yangu yote.

Godelive akaacha Kifaransa. Alijibu kwa Kiswahili cha nyumbani, taratibu, kama mtu anayeongea na mzee wake.

"Hapana, papa. Dactylo hakukosea. Kosa iko yangu."

Mwenyekiti akamwangalia, akaandika kitu kidogo pembeni, akageuza ukurasa.